Je, Mungu Alisema "Jisaidie Nikusaidie"?

Wapendwa vijana, kuna msemo tunaupenda sana. Kijana akikaa tu nyumbani, mjomba anamwambia, "Hata Mungu amesema jisaidie nikusaidie." Tunausikia kijiweni, tunausikia kwenye vikao vya familia, na siku nyingine tunausikia hata kanisani. Sasa chukua Biblia yako uutafute, toka Mwanzo mpaka Ufunuo. Hutaupata. Haumo katika Injili, haumo katika Mithali, haumo hata katika vile vitabu vya Agano la Kale ambavyo ndugu zetu Waprotestanti hawana.

Upande wa pili kuna msemo mwingine: "Mimi namwachia Mungu." Huu ni msemo wa imani, na mtakatifu anaweza kuusema. Lakini tuwe wakweli, ni mara ngapi tunamwachia Mungu kazi ambayo yeye ametuachia sisi? Hujasoma, unamwachia Mungu mtihani. Umemkosea rafiki na hujaomba msamaha, unamwachia Mungu urafiki wenu. Mwaka mzima hujaungama, unamwachia Mungu roho yako.

Msemo wa kwanza unasema kana kwamba Mungu anasubiri tujitahidi kwanza ndipo aje. Wa pili unatufanya abiria waliolala huku basi linakwenda. Sasa juhudi ya mtu ina nafasi gani mbele ya Mungu? Leo twende kwa watu waliolitafakari swali hili kwa karne nyingi, yaani Wayahudi.

Labda unajiuliza, Mkatoliki anatafuta nini kwa marabi? Kumbuka Bwana wetu alizaliwa Myahudi, akaingia sinagogi siku ya Sabato, akasali Zaburi. Mama yetu Maria alikuwa binti wa Kiyahudi. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko la Nostra Aetate, likatukumbusha kwamba mizizi ya imani yetu iko kwa Abrahamu na uzao wake. Na tarehe 13 Aprili 1986 Mtakatifu Yohane Paulo II aliingia katika sinagogi kuu la Roma, akawazungumzia Wayahudi kama kaka zetu wakubwa. Kaka mkubwa akizungumza, mdogo husikiliza. Kumsikiliza hakumtoi mtu katika imani yake. Mara nyingi humrudisha ndani zaidi.

Maswali matatu ya Hillel

Wayahudi wana kitabu kidogo kinachoitwa Pirkei Avot, yaani Sura za Mababa. Ni sehemu ya Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wao uliokamilishwa karibu na mwaka 200 baada ya Kristo. Wengi wao hukisoma alasiri za Sabato, katika majuma yaliyo kati ya Pasaka na Sikukuu ya Majuma. Humo hakuna vita wala miujiza. Kuna maneno mafupi tu ya walimu, juu ya namna ya kuishi.

Mmoja wa walimu hao ni Hillel. Alitoka Babeli akaja Yerusalemu, akafundisha wakati wa mfalme Herode, miaka michache kabla ya Bwana wetu kuanza kuhubiri. Mapokeo yanasema Gamalieli ni mjukuu wake, yule Gamalieli wa Matendo ya Mitume, ambaye Mtakatifu Paulo alisoma miguuni pake. Kwa hiyo Hillel si mtu wa mbali na sisi.

Huyu Hillel aliacha maswali matatu. Kwanza, kama mtu hasimami kwa ajili yake mwenyewe, ni nani atakayesimama badala yake? Pili, kama anasimama kwa ajili yake tu, basi yeye ni kitu gani? Tatu, kama si wakati huu, ni lini?

Hebu tuyachukue moja moja.

La kwanza: nani atasimama badala yako?

Katika Talmudi kuna hadithi ya mtu mmoja aitwaye Elazar ben Durdaya. Alikuwa mzinzi aliyejulikana. Siku moja alisikia habari za kahaba mmoja ng'ambo ya bahari, akachukua mfuko wa fedha, akavuka mito saba ili amfikie. Na huyo mwanamke ndiye aliyemwambia kwamba mtu kama yeye toba yake haitapokelewa kamwe.

Neno lile lilimchoma. Akatoka, akaenda akaketi kati ya vilima viwili. Akaiomba milima na vilima vimwombee huruma. Vikamjibu kwamba vyenyewe vinahitaji huruma. Akaziomba mbingu na nchi, jibu likawa lile lile. Akaliomba jua na mwezi. Akaziomba nyota. Zote zilikataa. Mwishowe akaelewa kwamba jambo lile halikuwa mikononi mwa mwingine yeyote, lilikuwa mikononi mwake. Akainamisha kichwa katikati ya magoti, akalia mpaka roho ikamtoka. Ikasikika sauti kutoka mbinguni ikisema kwamba amekaribishwa katika uzima wa ulimwengu ujao, na sauti hiyo ikamwita Rabi. Mzinzi wa jana, leo mwalimu.

Ndugu yangu, itazame vizuri ile orodha ya wale aliowaomba. Katika mapokeo ya Kiyahudi milima huweza kusimama badala ya mababa, na vilima badala ya mama. Halafu nyota: neno la Kiebrania linalotaja nyota za mtu hutaja pia bahati yake. Si unaona? Na sisi je, hatusemi "nyota yangu imefifia"? Hatusikii matangazo ya waganga eti wanasafisha nyota? Kuna vijana wa Kanisa, wana Rozari shingoni, lakini wakikwama kazini au katika uchumba, wazo la kwanza ni kwamba shangazi fulani kachukua nyota yao. Na wengine wanasema ni laana ya ukoo: babu alifanya hivi, baba akafanya vile, ndiyo maana na mimi niko hivi.

Waisraeli uhamishoni Babeli nao walikuwa na maneno ya namna hiyo. Walisema baba zao ndio waliokula zabibu mbichi, wao watoto ndio wanaoona ganzi ya meno. Soma Ezekieli sura ya 18 uone Mungu alivyoukataza msemo huo. Kila mtu, anasema nabii, atajibu kwa mwenendo wake mwenyewe.

Hapa tusikosee. Sisemi kwamba wazazi hawawezi kutuumiza. Kuna kijana aliyekulia kwenye ulevi na vipigo, na majeraha hayo ni ya kweli, yanahitaji muda, yanahitaji watu wa kumsaidia. Sisemi pia kwamba kila asiye na ajira ni mvivu. Wapo wanaoamka saa kumi alfajiri kila siku na bado mambo ni magumu. Ninachosema ni hiki: waliyokutendea wengine ni sehemu ya historia yako, lakini jibu lako kwa Mungu hawawezi kulitoa wao. Hilo ni lako.

Labda utaniuliza, mbona sisi tunawaomba watakatifu watuombee, na milima ile ilikataa? Swali zuri. Watakatifu wanatuombea, na tuendelee kuwaomba. Mtakatifu Monika alimlilia mwanae Augustino miaka na miaka. Lakini siku ilipofika, Monika hakuweza kusema "ndiyo" kwa niaba ya mwanae. Augustino alipaswa kuitamka mwenyewe. Maombezi ya watakatifu yanakusindikiza hadi mlangoni. Hata katika kiti cha kitubio, mama yako anaweza kukusindikiza kanisani, rafiki anaweza kukushikia nafasi kwenye mstari, lakini mbele ya padre unapiga magoti peke yako. Na dhambi unazozitaja ni zako, si za shangazi.

Elazar alilia peke yake kati ya vilima. Wewe una neema ambayo yeye hakuwa nayo: kuna padre anayekusubiri, amepewa mamlaka na Kristo kukuambia kwa sauti inayosikika kwamba umesamehewa.

La pili: na kama ni kwa ajili yako tu?

Hillel hakuishia kwenye swali la kwanza. Angeishia hapo tungepata dini ya "kila mtu na lwake", na dini hiyo mitandaoni ipo nyingi, ya kusaka pesa, kupanda juu na kuwaacha wengine.

Kuna hadithi ya Hillel mwenyewe, alipokuwa kijana maskini. Alikuwa kibarua. Kila siku, nusu ya ujira wake mdogo alimpa bawabu wa nyumba ya masomo, na nusu ilikuwa ya kula yeye na familia yake. Ijumaa moja ya majira ya baridi hakupata kazi. Bawabu akamzuia. Hillel akapanda juu ya paa, akalala kwenye dirisha la paa ili asikie walimu Shemaya na Avtalyon wakifundisha. Theluji ikaanguka ikamfunika usiku kucha.

Alfajiri ya Sabato, Shemaya alimwambia mwenzake kwamba kila siku nyumba hii huwa na mwanga, mbona leo ina giza? Wakatazama juu wakaona umbo la mtu. Wakapanda, wakamtoa kwenye theluji, wakamwosha, wakampaka mafuta, wakamweka mbele ya moto. Ilikuwa Sabato, siku ambayo hawakuruhusiwa kufanya kazi hizo. Wakasema kwamba mtu wa namna hii anastahili Sabato ivunjwe kwa ajili yake.

Talmudi inaitumia hadithi hii kumwuliza maskini anayesema umaskini ulimzuia kutafuta hekima ya Mungu: je, ulikuwa maskini kuliko Hillel? Swali hilo ni kali, na ni haki kuulizwa. Lakini mimi naona kuna swali jingine ndani ya hadithi hiyo hiyo, na linamhusu aliyeketi ndani penye joto. Hillel alifanya juhudi yake yote, akafika mpaka darasani kupitia juu. Hata hivyo, kama wale walimu wasingeinua macho, juhudi ile ingeishia kwenye maiti.

Kwa hiyo wajibu wangu unagusa pia mtu aliye juu ya paa langu. Katika jumuiya yako ndogo ndogo kuna kijana ambaye amepotea miezi mitatu. Umeuliza? Kwenye kwaya kuna dada aliyeacha kuja mazoezi tangu ada ya chuo imshinde. Giza limeingia ndani ya chumba, na sisi tunaendelea na nyimbo. Yule wa kwanza kuona kwamba mwanga umepungua, ndiye anayepaswa kupanda.

Mwalimu mwingine mkubwa wa Wayahudi, Musa Maimonides, aliyefariki mwaka 1204, aliipanga sadaka katika ngazi nane. Ngazi ya juu kabisa ni kumshika mtu kabla hajaanguka, kwa kumpa mkopo, kushirikiana naye katika biashara au kumtafutia kazi, ili asimame kwa miguu yake. Hebu iangalie. Anayefundisha kwamba kila mtu asimame, anafundisha pia kwamba tendo kubwa la upendo ni kumwezesha mwenzako kusimama.

Kaini aliulizwa na Mungu alipo ndugu yake, akajibu kwa kuuliza kama yeye ndiye mlinzi wa ndugu yake. Biblia nzima baada ya hapo ni kama jibu refu la swali hilo, na jibu ni ndiyo.

La tatu: kama si sasa?

Rabi Eliezer alifundisha kwamba mtu atubu siku moja kabla ya kufa kwake. Wanafunzi wakashangaa: kwani mtu anaijua siku yake ya kufa? Akawajibu kwamba ndiyo sababu inabidi atubu leo, maana huenda akafa kesho. Hivyo maisha yake yote yatapita katika toba.

Vijana tunalipenda sana neno kesho. Nitaanza Kwaresima. Nitaacha nikioa. Nitasoma Biblia nikimaliza chuo. Nitamwomba baba msamaha Krismasi. Shetani hana haja ya kukuambia kwamba Mungu hayupo. Inamtosha kukuambia kwamba muda bado upo.

Na wengine wana maneno ya upande wa pili: nimechelewa, umri umekwenda, wenzangu wote wameshafika. Kwa hao yupo Rabi Akiva. Inasimuliwa kwamba alifika umri wa miaka 40 akiwa hajui kusoma. Siku moja aliona jiwe lililotobolewa na matone ya maji, akawaza: ikiwa kitu laini namna hii kimetoboa kitu kigumu namna ile, basi maneno ya Mungu hayawezi kushindwa kuingia moyoni mwake. Akaenda kwa mwalimu wa watoto, yeye na mwanae, wakajifunza herufi pamoja. Fikiria mtu mzima wa miaka 40 akikaa darasani na watoto wadogo. Huyo akawa mmoja wa walimu wakubwa kabisa wa Israeli. Haba na haba hujaza kibaba, na tone na tone hutoboa jiwe.

Na kazi isipoisha je?

Sasa kuna kijana anasoma hapa na moyo wake umechoka. Anasema, "Mimi nimejaribu. Nimeungama dhambi ile ile mara ngapi? Nimetuma barua za kazi ngapi? Nimewaombea wazazi wangu wapatane, hawajapatana."

Kwake nataka nimlete Rabi Tarfon. Huyu alifundisha katika miaka ya baada ya Warumi kuliteketeza Hekalu la Yerusalemu, mwaka 70. Kila kitu walichojivunia kilikuwa majivu. Alisema siku ni fupi na kazi ni nyingi, na mwenye kazi anahimiza. Kisha akaongeza jambo moja la kupumzisha na moja la kusukuma: hudaiwi kuimaliza kazi yote, na huna ruhusa ya kuiacha.

Rafiki, yashike yote mawili pamoja. Ukishika la kwanza tu utakuwa mvivu. Ukishika la pili tu utavunjika. Mungu hakudai matokeo ambayo hayako mikononi mwako. Hakudai wazazi wako wapatane. Anadai uendelee kuwapenda wote wawili na kuwaombea. Hakudai kishawishi kisirudi tena. Anadai ukianguka uinuke, urudi kitubioni. Musa mwenyewe aliiona nchi ya ahadi kutoka mlimani, hakuingia. Je, safari yake ilikuwa bure?

Neema inatangulia

Tumalizie pale tulipoanzia. Hapa sisi Wakristo tuna la kusema waziwazi: hatujiokoi wenyewe. Kanisa lilikataa zamani fundisho la Pelagio lililosema mtu anaweza kuushinda uovu kwa nguvu zake tu. Lakini Augustino yule yule aliyepambana na Pelagio alifundisha kwamba Mungu aliyetuumba bila sisi hatatuokoa bila sisi. Paulo naye, mwanafunzi wa Gamalieli, anawahimiza Wafilipi wautimize wokovu wao kwa hofu na kutetemeka, na papo hapo anawaambia kwamba Mungu ndiye anayetenda kazi ndani yao. Kwake hayo mawili hayagombani.

Kumbuka arusi ya Kana. Mitungi sita ya mawe. Watumishi hawakutengeneza divai, wasingeweza hata wangejitahidi mwaka mzima. Walichokiweza ni kuchota maji. Lakini nani alianza? Walioanza si watumishi. Maria aliona upungufu, Yesu akatoa neno, ndipo wao wakachota. Neema ilitangulia. Na walipochota, Yohane anasema waliijaza mitungi mpaka juu. Kama wangeijaza nusu, arusi ingepata divai nusu.

Ndiyo maana Mungu hakusema "jisaidie nikusaidie". Yeye hutangulia, anaongea, na neno lake linatupa nguvu ya kuchota. Maji yetu ni maji tu. Divai ni yake. Ila ndoo ameiacha mikononi mwetu.

Wiki hii fanya mambo matatu. Moja, chagua jambo moja ambalo umekuwa ukimlaumu mtu mwingine, uliweke mbele ya Yesu wa Ekaristi na kumwuliza sehemu yako ni ipi. Mbili, mtafute kijana mmoja aliyepotea kwenye jumuiya au kikundi chenu, umpigie simu, usitume tu ujumbe. Tatu, kama una muda mrefu hujaungama, usingoje Kwaresima. Muulize padre wako saa ya kitubio, na uende.

Tuombe. Ee Bwana, wewe unatutangulia kila siku nasi tunachelewa kuitika. Utuondolee visingizio vyetu, utupe ujasiri wa kusema ndiyo kwa midomo yetu wenyewe. Utufumbue macho tumwone ndugu aliye kwenye baridi. Tukichoka, utukumbushe kwamba kazi ni yako, nasi ni watumishi wako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mama Maria, uliyeona divai imepungua, utuombee.

Tumsifu Yesu Kristo!